Sinia la Sikukuu

Desemba ya mwaka jana mjukuu wangu anayefanya kazi Dar es Salaam alipiga simu akimtafuta bibi yake. Bibi alikuwa shambani, kwa hiyo simu niliipokea mimi. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani akasema ofisini kwao wamekubaliana kufanya tafrija ya kufunga mwaka, na kila mmoja alete sinia la biskuti na vitafunio alivyotengeneza kwa mikono yake, siyo vya dukani. "Babu, sijui hata niweke nini. Muulize bibi aniambie."

Nikamjibu kuwa nitamuuliza. Lakini nilipokata simu nilibaki nimekaa kibarazani muda mrefu. Nimefundisha historia kwa miaka mingi, na nimekuwa mwalimu mkuu kwa miaka mingi zaidi. Nimewasomesha watoto habari za wafalme, mikataba na vita. Sikuwahi kusimama mbele ya darasa nikaeleza habari za sinia la sikukuu. Hata hivyo, katika maisha yangu ni sinia hilo lililonipa somo ambalo chuo cha ualimu hakikunipa. Ndiyo maana namjibu mjukuu wangu kwa maandishi, na kwa urefu.

Mimi nilizaliwa mwaka 1949 huku juu Mamba, katika Milima ya Pare ya Kusini, wilaya ya Same. Watani wetu wanasema Mpare ni bahili, kwamba yuko tayari kutumia shilingi mia kumshitaki mtu anayemdai shilingi kumi. Sikatai wala sikubali. Nasema tu kwamba anayetusema hivyo hajaonja Krismasi ya nyumbani kwetu. Marehemu mama alikuwa akianza kujiandaa mwezi mzima kabla. Sinia lake la kwanza ninalolikumbuka halikuwa sinia, lilikuwa ungo uliotandikwa jani la mgomba lililopitishwa motoni likalainika. Baadaye ndipo baba, aliyekuwa kibarua katika shamba la mkonge kule Ndungu, alipomnunulia sinia la bati jeupe lenye ukingo wa buluu kutoka soko la Same. Sinia hilo ninalo mpaka leo. Limebanduka rangi katikati, lakini halivuji.

Juu ya sinia palikuwa na nini? Makande yalikuwa chakula cha kila siku, kwa hiyo hayakuhesabiwa. Sikukuu ilitambulika kwa ngano na sukari. Baba alirudi na unga wa ngano kwenye mfuko wa kitambaa, na mama akatengeneza maandazi, na zaidi ya maandazi, biskuti. Alizikata kwa mdomo wa bilauri, akazichoma chini ya bati lililowekwa makaa juu. Ujuzi wa biskuti aliupata kwa mke wa mchungaji katika darasa la akina mama, na mke wa mchungaji aliupata kwa waliomtangulia. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig waliweka kituo Shigatini, Upare ya Kaskazini, mwaka 1900, kisha wakafika Mbaga na Gonja huku kwetu Kusini. Waadventista walianza kazi Giti mwaka 1903. Wengi wao walitoka Ujerumani, nchi ambayo mwezi wa Desemba kila nyumba hunukia biskuti za asali, tangawizi, mdalasini na karafuu. Mjerumani huiona desturi hiyo kuwa yake kabisa. Lakini tangawizi haioti Ujerumani, wala mdalasini, wala karafuu. Viungo vya sikukuu yao vimetoka nchi za joto, na katika karne ya kumi na tisa Unguja na Pemba ndizo zilizoongoza dunia kwa karafuu. Kwa hiyo biskuti iliyopanda mlima wetu kama mgeni ilikuwa imebeba ndani yake harufu ya pwani yetu wenyewe.

Njia ya pili ya vitafunio ilitoka moja kwa moja pwani. Dada mkubwa wa mama, ambaye sisi tulimwita mama mkubwa, aliolewa chini kule Gonja Maore katika nyumba ya Waislamu, naye akasilimu. Gonja ni mahali pa kale pa misafara. Wafanyabiashara waliotoka Pangani kwenda Kilimanjaro walipumzika pale kabla ya reli. Mama mkwe wake alikuwa na ndugu Tanga, na kwake mama mkubwa alijifunza vileja, visheti na kashata. Kileja ni biskuti ya unga wa mchele, samli, sukari, mayai na iliki. Ukiitia kinywani huyeyuka kabla hujatafuna. Visheti ni donge la ngano lililokandwa kwa samli, likakatwa vipande vidogo, likakaangwa, kisha likagaagazwa katika shira nzito mpaka sukari igande nje kama umande mweupe. Kashata ni nazi au karanga zilizoshikana kwa sukari. Hivyo vyote vilikuja kwetu kila Idd.

Hiyo ndiyo desturi iliyokuwepo. Krismasi, sinia la mama liliteremka Maore. Idd el Fitri, sinia hilo hilo lilipanda mlima. Halikurudi tupu hata mara moja, kwa sababu kurudisha chombo kitupu kwetu ni kama kumwambia mtu kuwa umekwisha kuachana naye. Nilipokuwa mtoto nililibeba mimi, kichwani, nimeshika ukingo kwa mikono miwili, nikiteremka njia ya miguu kwa asubuhi nzima, na mama nyuma yangu akinionya nisikanyage mawe ya mfereji. Sikuwahi kusikia watu wazima wakijadili tofauti za dini juu ya sinia lile. Walijadili kama sukari imetosha.

Na sukari, msomaji, ndiyo kiini cha habari hii.

Tazama ramani. Mto Pangani unatoka Kilimanjaro na Meru, unapita magharibi ya milima yetu, unaishia baharini Pangani. Kule mwisho wake, Waarabu walilima miwa na kutengeneza sukari katika karne ya kumi na tisa. Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani mwaka 1888, alikuwa mwenye shamba la miwa huko. Kule juu, Arusha Chini, Wadenmaki walianzisha mwaka 1930 shamba la miwa ambalo sote tunalijua kwa jina la TPC. Sukari juu ya mto, sukari chini ya mto, na sisi katikati. Reli ya Usambara iliyotoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911 ikipita Same, na ndiyo iliyoufanya mji wa Same kuwa mji. Ungefikiri mahali kama hapo hapawezi kukosa sukari. Lakini miaka ilikuja tukakosa.

Wale waliokuwa watu wazima wakati huo hawahitaji kukumbushwa. Ukame wa miaka ya 1973 na 1974 ulituletea mahindi ya njano ya msaada, ambayo watu waliyaita unga wa Yanga kwa sababu ya rangi ya jezi. Bei ya mafuta ikapanda duniani. Februari 1977 mpaka wetu na Kenya ukafungwa. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikala kilichobaki. Bidhaa zikawa za mgao: kutoka kiwandani kwenda Shirika la Biashara la Mkoa, tuliloliita RTC, kutoka RTC kwenda duka la kijiji, na kutoka duka la kijiji kwenda kwenye foleni. Sukari ya msiba au ya harusi iliombewa kibali. Unga wa ngano wa Shirika la Usagishaji ukawa hadithi. Tulipiga mswaki kwa chumvi, tukafua kwa majani ya mpapai, tukanywa chai ya rangi isiyo na sukari huku tukilamba kipande cha muwa.

Mwishoni mwa Machi 1983 serikali ilianza msako wa walanguzi, na Bunge likapitisha sheria ya wahujumu uchumi. Ilikuwa vita ya haki dhidi ya watu waliokuwa wakificha mali ya wananchi. Lakini hofu haichagui. Tulisikia watu wakitupa mifuko ya sukari na sabuni vichakani usiku ili wasikutwe nayo. Mtu aliyekuwa na kilo tano nyumbani alilala jicho moja wazi.

Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na minne, mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi huku huku milimani, na funguo za stoo zilikuwa kiunoni mwangu. Shule ilikuwa na uji wa watoto. Mahindi walichanga wazazi, sukari tulipewa kwa mgao, na kila kilo iliandikwa katika daftari. Tulipofunga shule Desemba 1983 stoo ilikuwa na gunia lililobaki na kilo saba. Nakumbuka kwa sababu nilizipima mwenyewe mbele ya mwenyekiti wa kamati ya shule, nikaweka sahihi.

Siku nne kabla ya Krismasi mama alikuja ofisini. Hakuja mikono mitupu kama mwombaji. Alifungua pindo la kanga akaweka fedha mezani, akatoa kikombe kikubwa cha bati.

"Mwalimu," akaniita hivyo, siyo mwanangu, maana tulikuwa ofisini, "duka la kijiji halina kitu tangu mwezi wa kumi. Niuzie kilo moja tu. Ni ya sinia la dada yangu."

Nikamwambia, "Mama, hii ni sukari ya watoto wa shule. Siwezi kuiuza. Hata ningeweza, isingefaa."

Akanitazama kidogo. Akasema, "Haya. Umefanya vema. Mali ya watoto ni ya watoto." Akaokota fedha zake, akazifunga tena pindoni. Kisha, alipokuwa akiinuka, macho yake yakatua juu ya meza yangu. Palikuwa na kikombe cha chai nilichokuwa nimekinywa nusu, na inzi wawili walikuwa wakizunguka ukingo wake. Inzi hawafuati chai isiyo na sukari. Mama hakusema neno. Akaaga, akaondoka.

Sukari ya chai ile ilitoka katika gunia lile lile. Tulikuwa na mazoea, mimi na walimu wenzangu, kwamba chai ya mapumziko na ya vikao itolewe humo. Katika daftari iliandikwa "matumizi ya ofisi". Hakuna mkaguzi aliyewahi kuhoji. Mimi mwenyewe sikuwahi kuhoji. Niliona aibu kumuuzia mama yangu kilo moja kwa fedha halali, nisione aibu kunywa bure mwaka mzima. Nilikaa pale mpaka chai ikapoa kabisa.

Ungetazamia, msomaji, kwamba nilimkimbilia nikamwomba radhi. Sikufanya hivyo. Nilikuwa kijana mwenye cheo, na cheo kina ulimi mzito.

Mama alitengeneza sinia lake. Alichukua ndizi mbivu ambazo ganda lake lilikwisha kuwa jeusi, akaziponda. Alikuwa na chupa ya asali aliyoitunza kwa ajili ya kikohozi, akaimimina nusu. Alichimba mashina mawili ya tangawizi aliyoipanda karibu na mfereji unaotoka ndiva, akaiparuza kwa bati lililotobolewa misumari. Akachanganya unga laini wa mahindi na unga wa muhogo, samli ya ng'ombe wake na chembe ya magadi. Akakata kwa mdomo wa bilauri, akachoma chini ya bati kama zamani. Asubuhi ya sikukuu akatuletea sahani yetu kwanza, kisha sinia likafungwa kwa kitambaa, binti yangu mkubwa akalibeba kwenda Maore.

Nisidanganye kuwa biskuti zile zilikuwa tamu kama za zamani. Zilikuwa ngumu, watoto walizichovya kwenye maziwa ndipo wakaziweza. Lakini tangawizi ilikuwa na ukali mzuri, na utamu wa ndizi ulikuja polepole, mwishoni, mtu anapokuwa amekwisha kukata tamaa. Nilikula mbili. Ya tatu haikupita kooni.

Mwezi mmoja kabla ya hapo, Novemba 1983, mpaka wa Kenya ulikuwa umefunguliwa tena. Aprili 12, 1984, Waziri Mkuu Edward Sokoine alifariki katika ajali ya gari karibu na Morogoro, na nchi ikalia. Katikati ya mwaka huo serikali ilianza kulegeza masharti ya kuingiza bidhaa kutoka nje, na vitu vikaanza kuonekana madukani, ghali lakini vinaonekana. Idd el Fitri ya mwaka huo iliangukia siku hizo hizo, mwishoni mwa Juni. Sinia likapanda mlima. Lilikuwa na vileja safu tatu, visheti, na kashata za nazi. Katikati palikuwa na kifurushi cha karatasi ya kaki kilichofungwa kamba ya mkonge. Mama alikiinua akanipa mimi.

"Dada yangu anakusalimu," akasema. "Amesema hii ni sukari ya watoto wa shule."

Ilikuwa kilo moja. Mpaka leo sijui mama mkubwa alielezwa nini. Pengine aliambiwa tu kwamba mwalimu ni mwaminifu, hataki kuuza mali ya watoto, naye akaona amsaidie. Pengine aliambiwa na habari za inzi. Mama alikuwa na uso wa mtu anayetoa salamu za kawaida. Nilikipeleka kifurushi stoo, nikakiandika katika daftari: "Kilo moja, zawadi." Jumatatu iliyofuata niliwaambia walimu kwamba chai ya ofisi sasa kila mtu atakuja na sukari yake. Walinung'unika, na mmoja aliniita mnoko mpaka nilipohamishwa. Mama alifariki mwaka 1996. Sikuwahi kumwambia kwamba nilimwona alipoona.

Ndiyo maana nasema sinia ni sehemu ya historia. Ukitaka kujua nchi ilikuwaje mwaka fulani, soma hotuba na takwimu, lakini pia uliza sinia la sikukuu lilikuwa na nini, na nani alishika ufunguo wa stoo. Ukosefu tulikuwa nao sote. Tulichotofautiana ni namna ya kuupitia. Mama alikosa sukari akapeleka sinia. Mimi nilikuwa na sukari, sikupeleka kitu.

Sasa mjukuu wangu, swali lako. Nimemuuliza bibi yako, naye anasema sinia zuri lina aina tano, zisizofanana kwa rangi wala kwa mlio wa kutafuna.

Ya kwanza vileja. Tumia mchele wa Ndungu ukiupata, ule wa bonde lililochimbiwa mifereji kwa msaada wa Wajapani. Unga vikombe vitatu, samli kikombe kimoja, sukari kikombe kimoja, mayai mawili na iliki iliyotwangwa upya. Piga samli na sukari mpaka viwe vyeupe ndipo utie mayai, halafu unga. Moto uwe mdogo; kileja kikiwa chekundu kimeharibika.

Ya pili visheti, kwa ajili ya mlio. Ya tatu kashata za karanga, kwa sababu zinakaa siku nyingi na unaweza kuzitengeneza wiki moja kabla.

Ya nne biskuti za tangawizi. Siku hizi Mamba inajulikana kote kwa tangawizi, na Mamba Miamba pana kiwanda cha kuisindika, kwa hiyo usinunue ya kutoka ng'ambo. Unga wa ngano vikombe viwili, siagi nusu kikombe, sukari nusu kikombe, asali vijiko viwili vikubwa, yai moja, kijiko kikubwa cha tangawizi ya unga na kijiko kidogo cha magadi ya kuokea. Dakika kumi hadi kumi na mbili zatosha. Ukizitoa zitakuwa laini. Usiogope, zitakauka zikipoa. Kama unatumia jiko la mkaa, makaa mengi yawe juu na machache chini.

Ya tano ni zile za mama yangu, za ndizi. Bibi yako amezirekebisha: nusu ya unga iwe ngano, na ndizi zisizidi tatu, basi hazivunji meno tena. Ziweke katikati ya sinia. Wenzako wakiuliza ni biskuti gani, waambie ni za mwaka 1983.

Na kabla hujalipeleka ofisini, toa sahani moja kwanza uipeleke kwa jirani yako, hasa yule ambaye sikukuu hii siyo yake. Usingojee sahani irudi. Itarudi. Sinia letu jeupe nitampa mama yako akuletee Januari. Limebanduka, kama nilivyosema, lakini halivuji.